Kizazi Kimetoka, Ovari Zimetoka, Homoni Umekatazwa: Nani Kasema?

Juzi nimeisikia tena ile sentensi, na safari hii naiandikia kabisa ili anayefuata nimpe kiungo asome: "Mwenye endometriosisi akishatolewa kizazi na ovari asiguse homoni, maana ugonjwa utarudi." Homoni hapa ni dawa ya estrojeni, ya kujaza ile iliyokuwa ikitengenezwa na ovari, yaani vifuko vya mayai. Aliyeambiwa hivyo ana miaka 34. Muda wote tuliokaa alikuwa akivua sweta, anavaa, anavua tena, na shingo imelowa jasho. Tangu operesheni hajalala usiku mzima. Vidole vinakakamaa asubuhi. Tendo la ndoa limegeuka adhabu. "Bora hivi, daktari, kuliko maumivu yale," akaniambia, kama mtu aliyesaini mkataba na hawezi kuurudisha.

Nani kasema ni lazima achague kimoja?

Nianze na kizazi, na hapa nitapita haraka. Endometriosisi ni tishu inayofanana na utando wa ndani wa kizazi, iliyoota nje ya kizazi: kwenye ovari, kwenye utando wa tumbo, nyuma ya shingo ya kizazi, kwenye utumbo, kwenye kibofu, mara chache hadi kwenye kiwambo, ule msuli ulio chini ya mapafu. Nje. Mtu akikuambia kutoa kizazi ndiyo tiba yake, muulize kwa upole ugonjwa ulikuwa wapi. Ni kweli kizazi kikitoka hedhi inakoma na maumivu ya hedhi yanaondoka nayo. Na kama ulikuwa pia na adenomiosisi, yaani tishu ya aina hiyo iliyojichimbia ndani ya msuli wa kizazi chenyewe, basi hiyo umeiaga kweli. Wako wengi wenye yote mawili, ndiyo maana utasikia wanaoisifia operesheni hii kwa dhati. Siwabishii.

Ila nimeshaingiza kamera kwenye matumbo ya wanawake waliotolewa kizazi na kuambiwa wamepona. Unakuta rektamu, sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, imenatana na kilele cha uke, hakuna hata nafasi ya kupenyeza ncha ya mkasi. Ukiibonyeza kwa kifaa haibonyei, ni ngumu. Pembeni mrija unaoleta mkojo kutoka kwenye figo umevutwa kuelekea kwenye kovu. Vinundu vya endometriosisi viko palepale vilipokuwa siku ile, kwa sababu aliyetoa kizazi alivipita. Kutoa kizazi ni kazi anayoimudu hata akisinzia. Kuchuna kinundu kwenye ukuta wa utumbo ni kazi nyingine, yenye hatari nyingine, na mara nyingi inataka daktari wa pili mezani. Funika kombe. Kwa hiyo kabla hujasaini ile fomu, usianze kuuliza utalazwa siku ngapi. Uliza vinundu vitatolewa na nani, na kama ni siku hiyohiyo.

Sasa ovari. Hapa mzozo ni wa kweli, na watu wazima wenye akili zao hawakubaliani.

Utafiti unaonukuliwa na kila mtu ulitoka hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, mwaka 1995. Waliwafuatilia wanawake 138 waliotolewa kizazi kwa sababu ya endometriosisi. Kati ya walioachiwa ovari, asilimia 62 walirudi na maumivu. Kati ya waliotolewa ovari zote, asilimia 10. Ukisoma hapo tu, unatoa ovari na kwenda zako nyumbani. Lakini walioachiwa ovari walikuwa 29 tu, na haikuwa kura iliyoamua nani aachiwe nani atolewe. Baadaye, mwaka 2008, wenzetu wa hospitali ya Cleveland Clinic, hukohuko Marekani, nao walitazama nani alirudi tena chumba cha upasuaji. Walioachiwa ovari walirudi zaidi kwa ujumla, ila kwa wenye miaka 30 hadi 39 kutoa ovari hakukuleta tofauti kubwa ya kuaminika. Yaani kundi lilelile linaloshinikizwa zaidi "litolewe kila kitu liishe" ndilo ambalo faida yake haionekani vizuri.

Msimamo wangu? Chini ya miaka 40, kama ovari ni nzima na vinundu vinaweza kuchunwa vyote, natetea ovari. Kama ovari imejaa uvimbe wa damu ile nzito ya kahawia, umeshafunguliwa mara kadhaa na unajirudia, naitetea kidogo sana. Katikati ya hayo mawili ni mazungumzo, si kanuni, na nimewahi kubadilisha ushauri wangu kwa mgonjwa mmoja kati ya ziara ya kwanza na ya pili bila kipimo chochote kipya, kwa kumsikiliza tu. Vitabu haviandiki hivyo, lakini ndivyo inavyokwenda. Na ujue kwamba hata ovari zikibaki, kutolewa kizazi peke yake kunaweza kuleta komahedhi mapema kuliko ambavyo ingekuja.

Jambo moja linalonitia wazimu: nikiuliza, "Dada, ovari zako zipo?" wengi wanajibu, "Nilitolewa kizazi chote." Hilo si jibu, na si kosa lao, hawakuelezwa. Chukua ripoti ya upasuaji na ripoti ya patholojia, weka nakala nyumbani. Humo imeandikwa kilichotoka na kilichoonekana kikaachwa. Habari ya kilichoachwa ina thamani kuliko ya kilichotoka.

Haya, homoni.

Hoja ya wanaokataza ni rahisi, na ndiyo maana inaenea: endometriosisi inalishwa na estrojeni, tumeondoa kiwanda cha estrojeni, kwa nini tuirudishe? Tatizo ni kwamba hoja hii inaamini ukiondoa ovari estrojeni inakuwa sifuri. Haiwi. Mafuta ya mwili yanatengeneza, kwa kubadili homoni zinazotoka kwenye tezi za juu ya figo. Vinundu vyenyewe vina kimeng'enya cha aromatasi, vinajipikia. Sifuri haipo. Swali ni kiasi gani.

Mwaka 1992 Robert Barbieri wa Marekani alitoa wazo la kizingiti: tishu mbalimbali zinahitaji viwango tofauti vya estrojeni. Kinundu cha endometriosisi kinataka nyingi ili kistawi. Mfupa, ubongo na mishipa vinaridhika na kiasi kidogo zaidi. Alikadiria nafasi ya katikati, kama pikogramu 30 hadi 50 za estradioli, aina kuu ya estrojeni, kwa mililita ya damu, ambapo mifupa inatunzwa na ugonjwa haushibi. Wazo hilo ndilo tunalolitumia kila siku tunapompa mgonjwa sindano za kuzimisha ovari kama goserelini au leuprolidi: tunamwongezea homoni kidogo juu yake ili asiteseke na joto wala asipoteze mfupa. Hakuna anayepiga kelele. Ni daktari yuleyule! Ovari zikizimwa kwa sindano anaandika homoni bila kuwaza. Zikizimwa kwa kisu anaogopa homoni hiyohiyo, kwa ugonjwa huohuo. Nimeshauliza mikutanoni tofauti ni nini, na jibu ninalopata huwa ni kikohozi.

Na ushahidi wa moja kwa moja? Ni mdogo, nakubali. Utafiti wa Hispania wa mwaka 2002, uliogawa wagonjwa kwa bahati nasibu, ulikuwa na wanawake 172 waliotolewa ovari zote mbili. Waliopewa homoni walikuwa 115, na ugonjwa ulirudi kwa wanne, asilimia 3.5. Wasiopewa walikuwa 57, haukurudi kwa hata mmoja. Mpinzani atasema: unaona, umerudi! Nami nasema: kati ya wanawake 115, 111 haukuwarudia, na waliorudiwa waliegemea upande wa wale walioachiwa ugonjwa mwingi tumboni. Tunarudi palepale: kilichoachwa siku ya upasuaji. Homoni inasingiziwa kazi ya kisu.

Weka upande wa pili wa mizani. Mwanamke wa miaka 34 asiye na ovari wala homoni anatangulia komahedhi ya kawaida kwa zaidi ya miaka 15. Mfupa unapungua kwa kasi, hasa miaka ya mwanzo. Watafiti wa hospitali ya Mayo Clinic ya Marekani, ambao wamewafuatilia wanawake waliotolewa ovari kabla ya komahedhi kwa miongo, waliona magonjwa ya moyo zaidi na matatizo ya kumbukumbu zaidi uzeeni, hasa kwa waliotolewa wakiwa wadogo na wasiopewa estrojeni. Haya hayaumi leo, kwa hiyo hayana mtetezi. Maumivu ya nyonga yana mtetezi, kwa sababu yanapiga kelele.

"Lakini homoni zinaleta saratani ya matiti." Hofu hiyo ilitapakaa mwaka 2002, utafiti mkubwa wa Marekani wa homoni kwa wanawake waliokoma hedhi, WHI, ulipositishwa. Wastani wa umri mle ulikuwa miaka 63. Sitingishi kichwa kuukataa, ulikuwa utafiti mzuri. Ninachokataa ni kumvika binti wa miaka 34 matokeo ya bibi yake. Huyu haongezewi kitu. Anarudishiwa kile ambacho wenzake wa rika lake wanacho bure hadi kama miaka 50, na hapo ndipo tunapokaa chini kuzungumza upya.

Sasa penye utata ambao hata mimi unaninyima usingizi kidogo. Kanuni ya kawaida: asiye na kizazi anapewa estrojeni peke yake, kwa sababu projesteroni kazi yake ilikuwa kulinda utando wa kizazi. Kwa mwenye historia ya endometriosisi kanuni inageuka. Mwongozo wa ESHRE wa 2022, chama cha Ulaya cha wataalamu wa uzazi, unashauri mchanganyiko wa kila siku wa estrojeni na projestini (dawa ya jamii ya projesteroni), au tiboloni, dawa moja inayofanya kazi za zote mbili, na kuepuka estrojeni tupu, kwa sababu kuna taarifa za vinundu vilivyobaki kugeuka saratani. Taarifa hizo ni za mgonjwa mmojammoja. Ni ushahidi hafifu. Na projestini si maji ya kunywa: kuna wanaovimba, kuna wanaozama kwenye huzuni, na kwenye matiti estrojeni tupu ilijitokeza safi kuliko mchanganyiko katika WHI hiyohiyo. Kwa hiyo ninachofanya: ugonjwa ulikuwa mwingi au umeachwa, nachanganya, na napenda projesteroni asilia ya kumeza usiku kwa sababu inasaidia usingizi. Ugonjwa ulikuwa mdogo, umechunwa wote, na projestini inamtesa, namwambia ukweli kwamba tunaingia mahali penye ukungu, tunaamua wote wawili, na ninaandika kwenye faili.

Mengine kwa kifupi. Stika au jeli ya ngozini ni bora kuliko kidonge kwa mwenye hofu ya damu kuganda. Stika bandika chini ya kitovu au kwenye tako, usipake mafuta hapo, ikitoka usiigandishe kwa plasta, weka mpya. Wadogo mara nyingi wanahitaji dozi kubwa kuliko mama wa miaka 55, kwa hiyo usikubali kuambiwa "homoni hazikufai" kabla dozi haijarekebishwa. Hamu ya mapenzi ikibaki imekufa, testosteroni nayo ilipungua ovari zilipotoka, iulizie. Ukavu ukeni una dawa yake ya kuweka palepale. Na tafadhali, usikatae stika ya daktari halafu ukameza vidonge vya soya vya dozi kubwa kwa kuwa ni "vya asili". Vinafanya kazi kama estrojeni, bila mtu wa kupima.

Maumivu yakirudi ukiwa kwenye homoni, usibandue stika kwanza. Kwanza tujue kama kuna kipande cha ovari kilichoachwa, jambo linalotokea hasa pale ovari ilipokuwa imenatana na ukuta wa nyonga. Asiye na ovari, akiwa hatumii homoni, FSH yake, ile homoni ya tezi ya ubongo inayoiamuru ovari ifanye kazi, hupanda sana. Ikiwa chini kama ya mwenye hedhi, kuna kitu humo ndani kinafanya kazi. Ndiyo maana napenda kipimo hicho kichukuliwe kabla ya kuanza stika, kiwekwe kwenye faili. Halafu MRI ya nyonga, isomwe na anayejua kutafuta vinundu. Halafu misuli ya sakafu ya nyonga, ambayo baada ya miaka ya kujikunja kwa maumivu inabaki imekaza hata ugonjwa ukiondoka wote, na inataka mtaalamu wa fiziotherapia, wala haihusiani na homoni.