Msanifu majengo: anasomea wapi, na aitwe lini

Kamati za shule na vikundi vya akina mama wanaotaka kujenga hutuuliza kwanza: ramani ni shilingi ngapi? Mara nyingi msingi umeshachimbwa. Hapo msanifu amebakiwa na kazi ndogo tu, ya kupamba kilichokwisha kuamuliwa na wengine.

Uganda imepitiwa na ikweta. Jua la asubuhi na la jioni hupiga kuta za mashariki na magharibi, kwa hiyo darasa ambalo madirisha yake yanatazama kaskazini na kusini halichomi watoto, wala halihitaji fedha zaidi. Uamuzi huo hufanywa siku ya kupima kiwanja. Siku hiyohiyo huamuliwa maji ya paa yaelekee kwenye tangi au kwa jirani, vyoo viwe mbali kiasi gani na kisima, na kinga ya radi iwekwe wapi. Hilo la radi si dogo: Juni 2011 iliua wanafunzi katika shule ya msingi ya Runyanya, Kiryandongo.

Kufikia kazi hii ni safari ndefu. Chuo Kikuu cha Makerere hufundisha shahada ya usanifu majengo kwa miaka mitano. Chuo Kikuu cha Mashahidi wa Uganda, Nkozi, kimeigawa: shahada ya kwanza, halafu uzamili. Kijana wa sekondari ashike hisabati na fizikia, na asidharau somo la sanaa, maana mkono usiozoea kuchora hupata shida.

Mhitimu bado si msanifu mbele ya sheria. Chini ya Sheria ya Usajili wa Wasanifu Majengo ya 1996, hana budi kufanya kazi chini ya aliyesajiliwa, kisha apimwe na Bodi ya Usajili. Wengi huvunjika moyo hapa, kwa kuwa malipo ni kidogo. Kwa maoni yangu hapa ndipo mtu anapoiva. Anakutana na fundi anayeikataa ramani yake, na fundi huyo mara nyingi ana hoja.

Tazama Kasubi, jijini Kampala. Jumba la makaburi ya wafalme wa Buganda liliteketea Machi 2010, na ukarabati ulichukua zaidi ya miaka kumi. Kuezeka nyasi pale ni kazi ya ukoo wa Ngeye, wanaorithishana ujuzi huo. Mtaalamu aliyebeba kompyuta yake tu asingefika mbali bila wazee hao.

Ndiyo maana msanifu mzuri haji mtaani na ramani iliyokamilika. Huanza kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa, huwauliza wazee maji hutuama wapi wakati wa masika, na huwauliza akina mama wanapita njia gani kwenda kuteka maji. Akija kwenu asiulize chochote, mna haki ya kumtilia shaka.

Kabla ya kumlipa, mwombeni namba yake ya usajili mkaihakiki kwa Bodi. Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013 inadai kibali cha ujenzi kutoka kwa kamati ya majengo ya wilaya au mji, na ramani yenye muhuri wa mtu asiyesajiliwa itawarudisha mlikoanzia. Kama mfuko ni mwembamba, ombeni afike kiwanjani mara moja tu, kabla jembe halijagusa ardhi. Siku hiyo muwe na hati ya kiwanja, hesabu ya fedha mlizonazo kweli, na fundi wenu awepo.