Kufichwa Jina la Mtuhumiwa wa Makosa ya Kingono

Kufichwa jina la mtuhumiwa ni zuio la kisheria. Vyombo vya habari, hata mtu binafsi mwenye simu yake mkononi, haruhusiwi kutangaza jina, picha wala jambo lolote litakalomtambulisha mtu anayetuhumiwa kubaka au kutenda kosa jingine la kingono. Kesi yenyewe inaendelea kama kawaida: polisi wanamhoji, jaji anamjua, mlalamikaji anamjua. Asiyejua ni umma. Zuio linaweza kukoma siku anapofunguliwa mashtaka, au likaendelea mpaka atiwe hatiani. Tofauti hiyo ni kubwa, ingawa wengi wanaobishana juu ya jambo hili huiruka.

Uingereza ilishawahi kulijaribu. Mwaka 1975 kamati iliyoongozwa na jaji Rose Heilbron ilipendekeza wanawake wanaolalamika kubakwa wafichwe majina, maana aibu ya kuanikwa magazetini ilikuwa inawazuia kwenda polisi. Bunge lilipotunga sheria mwaka uliofuata likaongeza jambo ambalo kamati haikuliomba: katika kesi za ubakaji, mshtakiwa naye afichwe hadi atiwe hatiani. Walisema ni usawa. Kifungu hicho kilifutwa mwaka 1988, lakini cha mlalamikaji kilibaki, na mwaka 1992 kikapanuliwa kugusa makosa mengine ya kingono. Serikali ya mseto iliyoingia madarakani 2010 iliahidi kumrudishia mshtakiwa ulinzi huo, ikaachana na mpango kabla mwaka haujaisha. Jirani zao Ireland wana sheria ya 1981 inayomficha mshtakiwa wa ubakaji mpaka hukumu ya hatia.

Hoja ya usawa inavutia ukiisikia mara ya kwanza, ila naona imepotoka. Mlalamikaji anafichwa ili athubutu kusema. Asiposema, hakuna kesi. Mtuhumiwa anafichwa ili maisha yake yasiharibiwe kwa jambo ambalo huenda hakulitenda. Ni haki mbili, kila moja ina sababu zake, na kumpa mmoja hakumaanishi kuwa mwenzake amedhulumiwa.

Madhara kwa mtuhumiwa ni ya kweli, na anayeyapuuza hatendi haki. Agosti 2014 polisi walipekua nyumba ya mwimbaji Cliff Richard huko Berkshire, helikopta ya BBC ikiwa angani inarusha picha. Yeye mwenyewe alikuwa Ureno. Hakukamatwa wala hakushtakiwa, lakini dunia nzima ilikuwa imeshasikia tuhuma. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba faragha yake ilikiukwa, ikampa fidia ya pauni 210,000. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika kesi iliyohusu uchunguzi wa jinai wa aina nyingine, ikathibitisha kanuni pana: mtu anayechunguzwa kwa kawaida ana haki ya kutarajia faragha kabla ya kufunguliwa mashtaka.

Upande wa pili kuna John Worboys, dereva wa teksi wa London. Aliwapakia wanawake usiku, akawaambia ameshinda pesa nyingi na anataka kusherehekea nao, akawapa shampeni yenye dawa ya usingizi. Mwaka 2007 alikamatwa, akaachiwa. Kila aliyelalamika alionekana yuko peke yake, na kumbukumbu zake zilikuwa zimevurugwa na dawa. Habari zake zilipotangazwa mwaka uliofuata, wanawake wengine walijitokeza mmoja baada ya mwingine, na visa vyao vilifanana mno. Mwaka 2009 alitiwa hatiani kwa makosa 19 dhidi ya wanawake 12. Jina lililotangazwa lilimfanya mtu ajue kwamba hakuwa peke yake.

Kwa hiyo mimi nasimama hapa: jina lifichwe wakati polisi bado wanachunguza, isipokuwa mahakama ikiridhika kwamba kulitangaza kutaleta mashahidi au kuokoa watu. Mashtaka yakishafunguliwa, litajwe. Kesi inayoendeshwa gizani hainufaishi hata asiye na hatia, kwa sababu akiachiwa huru, minong'ono itabaki na hakuna gazeti litakalosema wazi kwamba alishinda.

Kwetu, Katiba ya Tanzania ibara ya 13(6)(b) na ya Kenya ibara ya 50(2)(a) zinamhesabu mshtakiwa hana hatia mpaka ithibitishwe. Hata hivyo picha ya mtu aliyepelekwa kituoni asubuhi huwa imezunguka kwenye makundi ya WhatsApp kabla ya adhuhuri. Na mara nyingi mtuhumiwa ni baba wa kambo, mjomba au mwalimu wa madrasa. Ukimtaja kwamba ni baba wa kambo wa mtoto fulani wa mtaa fulani, umeshamtaja mtoto. Katika kesi za namna hiyo jina la mtuhumiwa linapaswa kufichwa hata baada ya mashtaka, na anayelindwa ni mtoto.