Eti Hollywood ya zamani haikuthubutu kugusa polisi wala rushwa?

Wengi huamini kwamba filamu za Marekani za nyeusi na nyeupe zilimchora kila polisi kama malaika, kwa sababu kanuni za udhibiti ziliwabana watengenezaji. Si kweli. Kanuni zilikataza sheria kudhihakiwa na mhalifu kuponyoka; polisi mla rushwa aliruhusiwa, mradi mwishowe aumbuke.

Tazama filamu The Big Heat ya mwongozaji Fritz Lang, 1953. Kamishna wa polisi anacheza karata nyumbani kwa jambazi, tena bila haya! Humo humo mwigizaji Lee Marvin anammwagia mwigizaji mwenzake Gloria Grahame kahawa ya moto usoni. Kahawa ikimfikia hatuioni: tunaona birika likitokota, kisha tunasikia yowe. Inatosha kabisa. Kamishna? Anaishia kushtakiwa, na wadhibiti wakaridhika.