PrtSc si mbovu yakhe, picha yako iko

Ingia saiba yoyote (duka la kompyuta na intaneti) hapa Mombasa, iwe Mwembe Tayari iwe Likoni, utakuta mtu katoa simu anapiga picha skrini ya kompyuta, risiti yake ya kodi ya KRA imetoka imepinda na taa ya juu inang'ara katikati ya namba, ukimuuliza mbona hupigi skrinshoti, yaani kompyuta yenyewe ijipige picha ya skrini, anakwambia hicho kitufe cha PrtSc (Print Screen) hakifanyi kazi.

Kinafanya. Tatizo ni hakisemi. Kwa Windows nyingi ukikibonyeza peke yake kinakopi skrini nzima kinaiweka kwenye klipubodi, pale kompyuta inapoweka kwa muda vitu ulivyokopi, basi, hakuna mlio wala dirisha, sasa usipofungua Word ama Paint ukabonyeza Ctrl na V hutaiona, na ukikopi kitu chengine ile ya kwanza ishapotea. Ukitaka faili yenyewe shika kitufe cha Windows pamoja na PrtSc, skrini itafifia kidogo, halafu nenda folda ya Pictures, ndani kuna Screenshots. (Laptopu zengine hadi uongeze Fn, na Windows 11 za karibuni PrtSc inakufungulia Snipping Tool, programu ya Windows yenyewe ya kupiga skrinshoti, moja kwa moja, kwa hivyo usishtuke.)

Halafu kuna wale wa "lazima udaunlodi programu". Ya nini jamani? Windows na Shift na S, unachora kipande unachotaka tu, na hiyo iko ndani ya Windows 10 tangu 2017. Mi naona hizo programu za bure za kuokota okota ndizo zinazojaza matangazo kwenye mashine za watu.

Ati Mac haina skrinshoti kwa sababu haina PrtSc, hii pia naisikia sana. Command, Shift na 3 ni skrini nzima, ukiweka 4 unachagua kipande, na tangu toleo la Mac la Mojave la 2018 kuna 5 inayoleta menyu yote. Picha inakaa deskitopu.

Sasa hii ya kukata picha ndiyo watu wanaichukulia poa. Mtu anadhani akikata sehemu yenye namba ya kitambulisho basi imeenda. Mwezi wa tatu mwaka 2023 iligundulika Snipping Tool ya Windows 11, ukikata picha ukaisevu juu ya ileile ya zamani, data ya kipande kilichokatwa ilikuwa inabaki ndani ya faili na mtu mwenye ujuzi angeweza kurudisha sehemu yake. Microsoft, wenye Windows, walirekebisha mwezi huohuo, lakini picha zilizotumwa kabla zilishatumwa. Bora ukamate dirisha moja tu toka mwanzo, Alt na PrtSc. Na kama uko saiba, wallahi usiondoke kabla hujafuta ulichoacha kwenye Screenshots, ukamwaga na Recycle Bin, halafu bonyeza Windows na V uangalie, maana historia ya klipubodi ikiwa imewashwa inaweka mpaka vitu 25 na anayekaa kiti hicho baada yako anaona pasipoti yako bila kuhangaika.

Na ukipiga skrinshoti ya filamu ya Netflix ikatoka nyeusi tii, usimlaumu fundi wala kibodi, video hizo zimewekewa ulinzi wa kuzuia kunakiliwa, utabonyeza mpaka vidole viume.