Gorila wa Kahuzi si wale wa Virunga

Ukipanda kutoka Bukavu hadi Tshivanga, kituo cha Hifadhi ya Kahuzi-Biega, baridi ikikupokea na ukungu ukiwa bado umelala juu ya mianzi, ni rahisi kuamini wanachosema wengi: hawa ni gorila wa milimani. Hapana. Gorila wa milimani wako kwenye milima ya Virunga na msitu wa Bwindi, Uganda, tu. Wa Kahuzi-Biega ni gorila wa Grauer, wakubwa kuliko gorila wote duniani, na porini hawapatikani popote ila Kongo yetu hii. Mlima ndio unaotupotosha. Kahuzi una mita 3,308, lakini hifadhi, iliyoanzishwa mwaka 1970, inateremka magharibi mpaka kwenye msitu wa joto, na huko pia wanaishi. Ndiyo maana wataalamu huwaita gorila wa nyanda za chini za mashariki.