Picha ya Cincinnati ya mwaka 1848: dhana potofu na ukweli

Jumapili ya tarehe 24 Septemba 1848, Charles Fontayne na William S. Porter walisimama Newport, jimbo la Kentucky, wakaelekeza kamera ng'ambo ya Mto Ohio. Picha waliyoipata ya Cincinnati, mji wa jimbo la Ohio, ni maarufu sana, na uzushi kuihusu nao haukosekani.

Dhana: Ni picha moja ndefu.
Ni nane. Kamera iligeuzwa kidogo kidogo, kila mara bamba jipya, hadi ukaenea ukingo wa mto wa kilomita tatu hivi.

Dhana: Picha za zamani hivyo lazima ziwe na ukungu.
Hii ndiyo iliyozagaa kuliko zote. Picha hizi ni za aina ya dagerotaipu, yaani bamba la shaba lililopakwa fedha, likafukizwa iodini ili lishike mwanga, kisha zebaki ili picha ijitokeze. Taswira inakaa juu ya fedha yenyewe. Hakuna negativu (picha ya kinyume ya kutolea nakala) wala karatasi, kwa hiyo hakuna cha kuififisha, ila pia bamba likiharibika ndiyo basi. Wahifadhi wa George Eastman House, makumbusho ya upigaji picha ya Rochester, Marekani, waliyatazama mabamba haya kwa hadubini. Saa ya mnara wa kanisa, ambayo kwenye bamba ina upana wa milimita moja tu, ikasomeka: saa nane kasoro dakika tano mchana! Hata tarehe ya picha ilipatikana kwa meli za mvuke zilizotia nanga pale, baada ya kulinganishwa na kumbukumbu za safari za mtoni.

Dhana: Kamera za enzi hizo hazikuweza kunasa watu.
Ilikuwa karibu kweli mwaka 1838, Mfaransa Daguerre, mvumbuzi wa dagerotaipu, alipopiga picha barabara ya Paris na wapita njia wakapotea kwa kuwa hawakutulia, akabaki mtu aliyekuwa akipigiwa viatu rangi. Miaka 10 baadaye lenzi na kemikali bora zilikuwa zimepunguza muda wa kunasa picha kutoka dakika hadi sekunde. Cincinnati watu wamo, wadogo kama nukta.

Dhana: Mji mpya wa magharibi mwa Marekani enzi hizo ni vibanda vya mbao na wapanda farasi.
Hizo ni sinema. Cincinnati, mji ulioanzishwa mwaka 1788, ulikuwa na watu 115,435 kufikia sensa ya 1850, wa sita kwa ukubwa Marekani. Kwenye picha ni maghorofa ya matofali yamebanana. Utajiri wake mwingi ulitokana na nyama ya nguruwe, hata ukabandikwa jina la utani la mji wa nguruwe.

Dhana: Mtumwa akivuka mto kutoka Kentucky amekuwa huru.
Kentucky utumwa ulikuwa halali, Ohio ulipigwa marufuku. Lakini sheria za Ohio zilimtaka mtu mweusi anayehamia huko awe na dhamana ya dola 500, na zilimkataza kutoa ushahidi dhidi ya mzungu. Nyingi zilifutwa mwaka 1849. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani likapitisha sheria iliyowalazimisha raia wa Ohio nao kusaidia kuwakamata watumwa waliotoroka.