Feni inazunguka, moto hauwaki

Mwezi wa saba, ukilala Dodoma ndani ya gari la bati, utajua kwamba mji huu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Watalii wawili wazee, wakielekea Kondoa kuangalia michoro ya mapangoni, waliniletea gari lao la kulala, la zamani, lenye hita ya gesi. "Fundi, gesi imeisha." Lakini jiko lao, la mtungi huohuo, liliwaka vizuri tu.

Hita za namna hii haziwashi moto kwanza. Feni ndiyo inayotangulia: inasukuma nje moshi uliobaki, na upepo wake unasukuma kibati chepesi chenye swichi. Kibati kikifika mwisho ndipo gesi inafunguka na cheche inapigwa. Feni ikilegea, kibati hakifiki, na hita inajizima kimya. Kwa hiyo kusikia feni inaunguruma hakukuhakikishii kitu.

Nami nilikaribia kukosea. Nilipima betri, voti 12.6, nikaanza kufungua mota. Bahati nzuri nikakumbuka kupima kwenye plagi ya mota huku feni ikizunguka: 9.8. Hita nyingi za aina hii zinataka angalau 10.5. Karibu voti tatu zilikuwa zinapotelea njiani! Umeme upime kifaa kikiwa kazini. Kikiwa kimezimwa, hata waya mbovu utakuonyesha namba nzuri.

Feni ikiendelea kuzunguka, nikaweka ncha moja ya mita ya kupimia voti kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye hasi ya mota. Panapaswa kuwa karibu na sifuri; palikuwa na 2.3. Kumbe ni bolti ya waya wa hasi kwenye bodi ya gari, imeota kutu. Msasa, kaza upya, voti kwenye plagi ya mota zikarudi 12.1. (Mota ingekuwa inashtuka pale tu unapoigonga kwa mpini wa bisibisi, ningefikiria kaboni zinazopeleka umeme ndani ya mota zimekwisha.)

Moto ukawaka, ila feni ilitetemeka. Ekseli moja ya mota hubeba feni mbili, moja ya hewa ya ndani ya gari, nyingine ya hewa ya kuchomea gesi. Hii ya pili inavuta hewa kutoka nje, na huko nyigu walikuwa wamejenga. Tope lilikuwa limeganda upande mmoja wa mapanga, ndani yake wamepanga buibui kama dagaa kwenye kopo. Nilikwangua kwa kijiti, nikapiga brashi kavu. Oili sikutia, kwa vumbi letu hili, oili ni mwanzo wa tope jingine.

Kuna watakaokushauri uunge nyaya za ile swichi moja kwa moja ili hita iwake tu. Usikubali. Gesi itaungua bila hewa ya kutosha, itoe kaboni monoksidi, sumu isiyo na harufu, na wenye gari wamelala.

Niliwatoza pesa ya nusu siku. Kijana wangu wa gereji mpaka leo ananiuliza ya nini, wakati hatukununua hata skrubu.